Mtu Aliyenusa Chupa Zangu

Nimeuza chupa kuukuu mjini Kitale kwa miaka mingi. Wateja wamezigonga kwa kucha, wamezishika juu waone ufa, wamezipima kwa jicho, na wengine wamejaribu kuondoka nazo wakidhani nimeangalia kwingine. Aliyezinusa ni mmoja tu.

Alifika kibandani kwangu asubuhi, koti la kijivu, viatu havijaona rangi, akaomba chupa za jemu, za kioo, zenye vifuniko vya bati. Nikamwonyesha lundo. Akafungua ya kwanza, akaingiza pua ndani kama mtu anayechungulia kisima, akaiweka kando. Ya pili vilevile. Ilipofika ya saba nikamuuliza kama anatafuta chupa au anatafuta jemu. Akasema anatafuta chupa ambayo haijawahi kukaa na mafuta. Nikamwambia mzee, hizi zimeoshwa na akina mama wa Kipsongo kwa mchanga na maji ya moto, ukitaka safi kuliko hizi utangoja kiwanda. Akanijibu kwa ile sauti yake ya chini ambayo baadaye niliichukia, kisha nikaizoea, kisha nikaichukia tena.

"Sijasema ni chafu. Nimesema sijui."

Katika chupa mia moja na thelathini alichagua arobaini na nane. Nilizihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu. Yeye alihesabu mara moja na akapata sawa na mimi. Hilo peke yake lilinikasirisha.

Watu walimwita Daktari, na mimi nitamwita hivyohivyo. Alikuwa daktari wa udongo, akifanya kazi katika kituo kimoja cha utafiti pale Kitale, lakini vijijini daktari ni daktari. Nilipoanza kumfanyia kazi, mara yetu ya kwanza Cheptais, kule mlimani Elgon, mzee mmoja alimletea mbuzi aliyefura tumbo. Daktari akaeleza kwa upole kwamba yeye hutibu udongo tu. Mzee akamuuliza, kwani mbuzi anakula nini, si vitu vya udongo? Mtu mwingine angecheka na kuendelea na safari. Daktari alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili, halafu akachuchumaa, akaanza kuchambua mavi ya mbuzi kwa kijiti. Nilikaa juu ya jiwe nikangoja. Hivyo ndivyo siku zake zilivyokuwa zikipotea, na zangu nyuma yake.

Kazi yake niliielewa baada ya mwaka mzima, kwa sababu yeye akieleza hukwepa kila neno la uhakika kama mtu anayevuka njia yenye matope. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, "Inategemea." Ukimuuliza kama shamba hili ni zuri, "Inategemea." Siku moja nilimuuliza kama amekula, akaanza kufikiri. Basi nitaieleza mwenyewe.

Chukua jani la mahindi, limwagie maji. Maji yanateleza. Kinachoyatelezesha ni nta, nyembamba hata huioni. Kila mmea una nta yake ya majani, na mizizi nayo ina mafuta yake mengine, magumu, ya kujikinga na unyevu. Mmea ukioza, mengi huondoka, lakini nta na mafuta hayo hukawia ardhini miaka mingi. Daktari alichukua udongo, akaukamua kwa dawa zake mpaka akapata tone ambalo hata sisimizi hawezi kukaangia yai, akalipeleka Nairobi kwenye mashine inayochora milima juu ya karatasi. Akitazama milima ile, alisema hii ni nta ya jani la mahindi, haya ni mafuta ya mzizi, na huu mlima mdogo ni wa mti uliokuwa hapa zamani. Kwa njia hiyo alitaka kujua, katika ile kaboni inayoupa udongo weusi na nguvu, ni kiasi gani kimeletwa na mahindi, na kimeletwa na sehemu ipi ya mahindi.

Swali lenyewe ni la mkulima yeyote kati ya Kitale na Bungoma. Ukishavuna, mabua uyaache shambani yalishe udongo, au umpe ng'ombe? Watu wameoana na kuachana juu ya swali hilo.

Sasa unaelewa pua yake. Mtu anayefuata tone la nta hawezi kubeba udongo katika chupa iliyokaa na samli. Wala mfuko wa plastiki alikuwa hataki, ati plastiki nayo inatoa mafuta yake. Siku za kuchimba tulikatazwa kujipaka mafuta, tukawa na mikono myeupe kama ya mafundi wa simiti. Chapati marufuku, mandazi marufuku, chai ya maziwa marufuku. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya rangi, na viatu vyake vilibaki bila rangi kwa sababu rangi ya viatu ina nta. Niliwahi kumwambia kwamba hata wafungwa hupata mafuta kidogo kwenye maharagwe. Akasema ni kweli, na kwamba ndiyo maana hachimbi udongo gerezani.

Na huyu huyu, kazi ikiisha, aliingia hotelini Webuye akaagiza mandazi manne, ndiyo kwanza yanatoka kwenye karai, akayala mpaka kidevu kikang'aa. Alipenda mafuta kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye meza moja. Nilimuuliza haoni aibu. Akasema mlevi ndiye anayejua vizuri chupa iko wapi.

Nilivyoingia katika kazi hiyo ni hivi. Alipokuja kununua chupa mara ya tatu, aliniona nikizihesabu tena. Akasema anahitaji mtu wa kuhesabu, na mtu wa kuongea na wenye mashamba, na kwamba mimi nafanya yote mawili bila kuombwa. Nilidhani ni sifa. Baadaye niligundua kwamba yeye mwenyewe, akisimama mbele ya mwenye shamba, huanza na maneno "tunaomba kuchukua udongo wako kidogo," na hapo mazungumzo hufa.

Kwa sababu udongo wa mtu hauchukuliwi hivihivi. Yuko anayeuogopa mkono wa mchawi, kwamba ukichota udongo wa boma lake umemchota yeye. Yuko anayedhani chini kuna dhahabu na sisi ndio tumeijua kwanza. Cheptais waliogopa zaidi kwamba tumetumwa kupima ardhi ili wahamishwe, na kwa hofu hiyo hukuweza kuwalaumu. Kazi yangu ilikuwa kukaa, kunywa, kuuliza habari za watoto, kushusha hofu kidogo kidogo kama unavyoshusha bei. Yule mzee wa mbuzi ndiye aliyenishinda. Alisema chukueni, lakini mrudishe. Nikajua nimempata, maana udongo ukishakamuliwa unarudishwa vipi? Nikakubali haraka, tukapeana mikono.

Miezi minne baadaye Daktari aliniambia tunapanda Cheptais. Kufanya nini? Kurudisha udongo. Alikuwa amekamua nusu tu ya kila chupa, nusu nyingine ameitunza, na sasa anaipeleka kwao. Nilimwambia mzee yule alikuwa anatania. Akasema labda, lakini mimi nilipeana naye mkono, na mkono huo ulikuwa wa ofisi yake. Tukapanda mlima na chupa kumi na mbili za udongo, kila moja na jina la shamba, tukamimina kila udongo katika shimo lake. Mzee alitutazama mpaka shimo la mwisho. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria: kila shamba, udongo uliobaki unarudi nyumbani. Kuna watu ambao wana miaka mingi hawajarudi kuwaona mama zao, na sisi tunasafirisha udongo kwenda kuwaona ndugu zake.

Kabla sijafika Misikhu, lazima niseme habari ya chuma, ingawa sipendi.

Daktari alikuwa na chuma kirefu cha kupekecha ardhi, chenye mpini juu, kinachoingia kama kizibuo cha chupa na kutoka na udongo. Msimu mmoja wa mvua alikiacha kibandani kwangu. Kikaanza kushika kutu. Mimi nimelelewa na mtu aliyesema chombo cha kazi ni kama mtoto, hakilali bila kupakwa mafuta. Nikachukua mafuta yaliyobaki kwa mama mmoja jirani anayekaanga samaki, nikakipaka chuma chote, nikakifunga gunia. Kiling'aa. Nilijisifu.

Tulichimba msimu mzima kwa chuma kile. Chupa arobaini na nane, nimezihesabu mara mbili. Wiki nyingi baadaye alikuja na karatasi za milima, akaziweka juu ya lundo la chupa, akaniuliza chuma nilikipaka nini. Nikasema hakuna. Akangoja. Nikasema labda mafuta kidogo. Akauliza ya nini. Nikasema ya kuzuia kutu. Akauliza tena, ya nini, na hapo ndipo nilipomtaja samaki.

Kama angenitukana ningemjibu, ninajua kujibu. Alitoa daftari lake na kuandika, na kwa kuwa mimi husoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini, kazi yangu ilinifunza, niliona: "Mafuta ya kukaangia samaki kwenye chuma. Kosa langu, sikumwambia." Msimu wote aliufuta. Nilimsihi abakize hata zile chupa za mwisho, maana kufikia hapo samaki alikuwa ameshafutika. Akasema hajui. Udongo haudanganyi, akasema, anayedanganya ni mchimbaji, hata asipokusudia. Tukarudisha udongo wote kwao, chupa moja moja. Halafu uchungu wangu mkubwa ukawa lile "kosa langu." Si angeniachia kosa langu mwenyewe?

Sasa Misikhu.

Alitaka shamba la kipekee, kama mtu anayetafuta mchumba baada ya kukataa wote. Liwe limelimwa mahindi miaka si mingi. Kabla ya hapo liwe na miti au vichaka, si nyasi. Na lisiwe limewahi kuona muwa, kwa sababu muwa na mahindi ni binamu, kaboni zao zinafanana, na mashine haiwezi kuwatenganisha. Kutafuta shamba lisilojua muwa upande wa Webuye ni kama kutafuta harusi isiyo na mlevi. Nilizunguka wiki tatu. Mwishowe, wakati nikikusanya chupa Misikhu, nikampata mjane mmoja ambaye marehemu mumewe alipanda kahawa maisha yake yote, na alipokufa wana wakaing'oa, wakapanda mahindi. Upande mmoja wa nyumba mahindi, upande wa pili migomba, katikati boma la ng'ombe mmoja. Nilimwita Mayi, kama tunavyowaita mama zetu huku.

Daktari aliligawa shamba la mahindi vipande viwili. Kimoja, kila baada ya mavuno, mabua yaondolewe, ampe ng'ombe. Cha pili, mabua yabaki palepale, yalale, yaoze. Na katika vyote viwili asiweke mbolea ya ng'ombe wala kitu kingine chochote. Miaka sita.

Mayi alisikiliza yote. Halafu akauliza kitu kimoja, hawa watu wa vitabu wakishachukua, hurudi? Alitaja waliomhoji juu ya malaria, waliohoji juu ya choo, waliopima watoto mikono. Wote waliandika, wote walishukuru, na hakuna aliyerudi kumwambia walichopata. Daktari akasema yeye atarudi na jibu. Mayi hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Wewe wa chupa ninakujua. Huyu atarudi?"

"Atarudi, Mayi."

"Ni wewe umesema."

Ni mimi nilisema. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyepita Misikhu mara kwa mara kutafuta chupa, mimi ndiye niliyelibeba neno hilo miaka sita. Mulembe, Mayi, hujambo? Sijambo, jibu liko wapi? Kabla ya chai, jibu. Baada ya chai, jibu. Simu za mkononi zilipoanza kushika Misikhu, ukipanda juu ya kichuguu, alinunua simu, na mtu wa kwanza aliyempigia ni mimi, kuuliza jibu. Majirani wakaanza kuniita Jibu. Siku nyingine wauza chupa waliniuzia ghali kwa sababu eti mtu wa ahadi za bure hana haki ya kupunguziwa. Nilimweleza Daktari kwamba jina langu linaoza kule kama bua. Akasema subira, nta inataka muda.

Kazi yangu katika shamba lile ilikuwa moja. Baada ya mavuno, Januari, nihesabu mabua yaliyolazwa katika kipande cha pili. Mwezi wa Machi, kabla ya kulima, nihesabu tena nione yaliyobaki. Kuhesabu mara mbili, kazi iliyotengenezwa kwa ajili yangu. Nilifika Januari, nikahesabu kuanzia upande wa nyumba, nikahesabu tena kuanzia upande wa njia, nikaandika. Mayi alinipa chai, nikamsifu ng'ombe wake, maana alikuwa na mbavu zilizofunikwa vizuri na manyoya yanayong'aa, na wakati ule wa kiangazi ng'ombe wa Misikhu wote walikuwa kama vitanda vilivyosimama. Nilimpigia hesabu kichwani ningeweza kumuuza wapi. Sikujiuliza kitu kingine. Mimi, ninayejiuliza kuhusu kifuniko kimoja cha jemu.

Miaka ikapita hivyo. Cheptais tuliiacha mlima ulipochafuka kwa mapigano na watu wakaanza kukimbia. Daktari alikaa kibandani kwangu siku nzima akizitazama chupa za mwisho za yule mzee wa mbuzi, udongo ambao hatukuweza kuurudisha. Alizipanga juu ya rafu yangu na kuniomba nisiziuze. Ziko hapo bado. Wateja huniuliza ni dawa ya nini.

Mwaka wa sita ulipotimia tulichimba vipande vyote viwili vya Mayi. Halafu akastaafu. Nilidhani hadithi imeishia hapo, na kwamba nitakwenda kaburini nikiitwa Jibu. Miezi michache baadaye simu ikalia. Sauti ileile.

"Limepatikana. Twende Misikhu."

Alikuja akiwa amezeeka ghafla, kama watu wanavyozeeka wakipokonywa ufunguo wa ofisi. Goti moja lilikuwa halikunji, akitembea na fimbo, na mkono wa kuandikia ulikuwa na mtetemo. Alibeba kikapu chenye chupa nane, udongo wa Mayi uliobaki, unarudi kwao. Alikuwa ameandika kurasa kumi na moja na kuzisoma mbele ya wenzake Nairobi. Ndiyo kazi pekee aliyoacha yenye jina lake peke yake, aliniambia, nyingine zote alikuwa wa nne au wa tano kwenye orodha. Nilimuuliza jibu ni nini. Akasema lazima Mayi alisikie kabla yangu. Hata jibu lina foleni.

Mayi alitukaribisha uani. Alivaa kitambaa chake cha kanisani, kwa hiyo alijua ni siku kubwa. Tulimimina udongo shambani, chupa zote nane, akasimama akaangalia kama wanavyoangalia kwenye mazishi. Kisha akaleta chai ya maziwa na viazi, na Daktari, kwa kuwa hakuna kuchimba, akanywa.

"Mama, nimeleta jibu."

"Lete."

Akalieleza vizuri kuliko siku zote, bila inategemea hata moja. Vile vipande viwili vimesoma sawasawa, kama mapacha. Nta ya majani ya mahindi iliyopo ni kidogo mno, na katika kipande chenye mabua haikuzidi ya kipande kisicho na mabua. Kaboni ya mahindi iliyobaki katika udongo wake ni ya mizizi. Kwa hiyo mabua hayamfai kitu ardhini. Ampe ng'ombe yote.

Mayi akaweka kikombe chini polepole. Mimi nimeuza na kununua tangu nikiwa na ndevu tatu, najua uso wa mtu aliyeuziwa kitu ambacho tayari ni chake. Nikasimama haraka nikasema Mayi, Daktari amesafiri, goti linamsumbua, tushukuru Mungu tuondoke.

"Wewe kaa chini," akaniambia. "Jibu haikuwa yako." Kisha akamgeukia. "Daktari, mimi si mtu wa kudanganya mzee kwa uwanja wangu. Hiyo mabua ng'ombe alikula."

"Ya kipande cha kwanza, ndiyo."

"Ya zote. Mwaka wa kwanza niliacha kama mulisema. Mwaka wa pili jua ikakaa, ng'ombe akaniangalia. Huyu wako alikuwa amehesabu, ameenda. Nikampa. Na miaka hiyo ingine yote nikampa."

Kuku alipita katikati yetu. Daktari hakumtazama Mayi. Alinigeukia mimi.

"Ulihesabu mara mbili?"

"Mara mbili."

"Siku ngapi?"

Nilitafuta njia ya kulijibu hilo, na nina njia nyingi. "Moja," nikasema.

Machi sikwenda. Mwaka wa kwanza nilikwenda, nikakuta mabua yamepungua kidogo, kama alivyotabiri. Mwaka wa pili nikaona nauli ya kazi gani, hesabu ya pili nimeshaifanya Januari ileile, kuanzia upande wa njia. Nikaandika pungufu kidogo, kama mwaka uliotangulia. Nani angesema sikuhesabu mara mbili?

Akatoa daftari. Akaandika polepole, na mimi nikasoma juu chini kama kawaida yangu: "Ng'ombe alikula, miaka mitano. Kosa langu, sikuuliza." Nikamwambia Daktari, hiyo acha. Kurasa zile zimeshasomwa na zimeshasahauliwa. Hakuna atakayejua. Ng'ombe hawezi kuandika barua Nairobi. Na hilo kosa, safari hii, ni langu, liandike langu.

Akafikiri. Kisha akalikata "langu," akaandika neno jingine juu yake. Sasa ilisomeka "Kosa letu." Ndiyo bei niliyoipata. Nimewahi kupata mbaya zaidi.

"Udongo ulisema vipande vinafanana," akasema, "na vilifanana. Mimi ndiye niliyeusingizia. Nitawaandikia kesho."

Mayi alikuwa ameanza kujutia ukweli wake. Akasema yeye hakudhani ni vibaya hivyo, kwani mbolea ya ng'ombe ni nini, si ni mabua yaliyopikwa? Nikaona fimbo ya Daktari imeacha kuchora chini.

"Hiyo mbolea uliweka wapi, Mama?"

Hapo akakasirika kweli. "Si mulisema nisiweke kitu kwa hiyo shamba? Sikuweka hata kiganja. Nilipeleka yote kwa migomba."

"Pale kwa migomba pamewahi kulimwa mahindi?"

"Tangu niolewe hapa ni migomba tu."

Akasimama. Na goti lile, bila fimbo, akasimama. Akaniuliza namkumbuka yule mzee wa Cheptais na mbuzi wake. Nikasema ninalikumbuka jiwe nililokalia. Akasema nta ya jani haiyeyuki tumboni, inapita ilivyo, siku ile ya kuchambua mavi kwa kijiti aliliwaza hilo akalisahau. Kama chini ya migomba ile kuna nta ya mahindi, haikuwa na njia nyingine ya kufika isipokuwa kupitia kwa ng'ombe huyu mmoja. Basi tutajua bua linaacha nini ardhini likipita tumboni kwanza. Mkulima hakuwahi kuchagua kati ya udongo na ng'ombe, akasema, hilo swali tulilitunga sisi. Alikuwa ameshafika nusu ya uwanja.

Mayi akamwita. "Kwa hivyo bado hakuna jibu?"

"Inategemea, Mama."

Mayi akanigeukia. Nilijua anachouliza kabla hajafungua mdomo. Safari hii sikumpa neno la kwamba mtu mwingine atarudi. Nilimwambia mimi mwenyewe nitakuja Januari, na nitakuja Machi.

Kulikuwa na jembe; tukanawa mikono kwa mchanga kwa ajili ya ile chai, tukachimba shimo chini ya migomba. Chupa hazikuwepo. Nikamwonyesha Daktari zile nane tulizomimina muda huohuo. Akatikisa kichwa, zimekaa na udongo wa mahindi. Mayi akaleta za kwake, nzuri, kioo kizito, zilizokuwa na samli. Sikumngojea Daktari atikise kichwa. Nilimwambia Mayi hapana, na nikasikia sauti yangu imeshuka chini kama ya mtu ninayemjua.

Nikashuka sokoni Misikhu. Mwanamke mmoja anayeuza nyanya alikuwa na chupa za jemu ishirini na moja nyuma ya meza. Nikafungua ya kwanza, nikaingiza pua. Nikaiweka kando. Nikafungua ya pili.

"Na wewe unanusa nini? Hizo nimeosha na sabuni."

"Sijasema ni chafu," nikamwambia. "Nimesema sijui."

Nilichukua nane. Sikubishana bei, jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Nilizihesabu mara moja tu. Mara ya pili nilizihesabu kesho yake.